Huzuni ikikukalia kooni: namna ya kujiuliza ukweli bila kujidanganya

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae akiulizwa habari anajibu shwari, anaenda kazini, anacheka na watu, afu usiku akizima taa kuna kitu kinamkaa hapa kooni, hakishuki hakipandi. Mi nlikaa hivyo miezi tisa. Ni fundi simu hapa Mtwara mjini, na hizi hatua nimezipitia mwenyewe moja moja, zingine nlizikosea kwanza ndo nikajua, kwaiyo zichukue kama mtu anaekuelekeza njia aliyoipita, hapa pana tope, hapa pita pembeni.

Nikupe habari yenyewe kwanza ili huko mbele tuelewane. Mama yangu alikua Newala. Mwaka aliofariki alikua anapiga simu kila Ijumaa na kila simu swali lilikua lilelile, unakuja lini. Najibu mama subiri mnada wa kwanza upite. Watu wa huku wanajua, hela ya korosho ikitoka ndo simu zinaletwa kwa fundi, vioo vinabadilishwa, watu wananunua na makava, kabla ya hapo unakaa tu kibandani unafukuza nzi. Mnada haujafika, mama akaanguka na presha, siku mbili akawa hayupo.

Msibani mi ndo nlikua mbio. Turubai, maji, kuni, gari la kuwafata wageni Tandahimba. Wakati jeneza linatolewa nyumbani watani wakaziba mlango wanadai hela yao, mmoja wao mama mtu mzima akaanza kutembea vilevile alivyokua anatembea marehemu, mkono kiunoni, anakohoa kikohozi chake, watu wakacheka huku wanalia. Mi nikaondoka kwenda kuangalia kama mchele unatosha. Baada ya siku tatu nikarudi Mtwara, nikafungua kibanda, na kila aliyenipa pole nlimwambia kazi ya Mungu, mama alikua mtu mzima.

Miezi tisa baadae akaja bibi mmoja kufata simu yake ya kitochi, nimekaa nacho wiki sijakigusa, akaniuliza kwa upole tu, sasa mwanangu nije lini? Nikamfokea. Mbele za watu. Yule bibi hakusema neno, akachukua kitochi chake akaondoka taratibu, na mi mikono ikawa inatetemeka nikashindwa hata kushika bisibisi. Hapo ndo nlipojua kwamba sijambo yangu yote ilikua uongo.

Kabla ya yote, jiangalie kama ni huzuni au ni ugonjwa

Hii usiiruke. Huzuni inakuja na kuondoka, kuna saa unacheka kweli, kuna saa inakupiga. Ila kama ni wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, kutwa nzima umejiinamia, vitu ulivyokua unavipenda havina ladha, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, mwili hauna nguvu, unajiona hufai, hiyo inaweza kua sonona na sonona inatibiwa hospitali kama malaria inavyotibiwa. Ukiwa Mtwara nenda hospitali ya Ligula, ukiwa Lindi nenda hospitali ya Sokoine, wa Masasi na Nachingwea hospitali ya Ndanda sio mbali. Mwambie daktari kabisa kwamba ni mawazo, usiseme kichwa kinauma ukaishia kupewa panadol. Na wapime damu pia, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo ikiwa na shida vinaweza kukuchosha ukadhani ni roho.

Na kama mawazo yenyewe ni ya kutotaka kuishi, hizi hatua nyingine ziache kwanza. Usilale peke yako leo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, na kama ndani kuna madawa ya mikorosho mwombe ndugu au jirani ayachukue akayaweke kwake, asubuhi muende wote hospitali. Naongea hivi kwa sababu nyumba zetu huku nyingi zinalala na hayo madawa chini ya kitanda. Na mtu aliyefanyiwa ukatili, ambae akikumbuka tu mwili wote unakufa ganzi au anajiona yuko palepale tena, naomba asijichimbe peke yake, apate mtu aliyesomea hiyo kazi.

Hatua ya kwanza: tafuta sehemu na muda

Nyumba za kupanga zetu unazijua, vyumba sita uwani mmoja, ukilia jirani anagonga. Kwaiyo tafuta sehemu. Mi nlikua naenda Shangani jioni maji yakiwa yametoka, watu wa pwani wakiona mtu amekaa anaangalia bahari hawamuulizi kitu. Kijijini kuna shamba, chini ya mkorosho hakuna anaekusumbua. Dada yangu yeye anasema sehemu yake ni njiani kwenda kuchota maji, anatoka mapema kabla wenzake hawajaamka. Dakika 20 zinatosha, simu izime au iache nyumbani.

Usiende ukiwa umekunywa. Uraka na nipa vinafungua machozi kweli, ila yale machozi asubuhi hukumbuki yalikua ya nini, na unachotafuta ni kujua.

Hatua ya pili: anza na mwili, afu utafute jina

Usianze na maelezo. Kichwa ni fundi wa maelezo, kitakupa hadithi nzuri imenyooka na utaondoka pale hujagusa kitu. Uliza kwanza iko wapi. Kifuani panabana? Kooni? Tumboni? Wazee walivyosema jambo limenikata maini hawakua wanapamba lugha. Kaa nayo hapohapo ilipo, pumua, usiifukuze. Mi yangu ilikua kooni na kwenye taya, nlikua nauma meno bila kujua.

Afu ndo ulitafute jina, na hapa usikubali jina la kwanza. Kila mtu anasema nina stress. Stress ni gunia, unatia humo kila kitu. Kiswahili hakijatunyima maneno. Kuna ukiwa, huo ni wa mtu aliyeachwa peke yake. Majuto ni ya jambo ulilofanya au uliloacha kufanya. Uchungu mara nyingi una mtu aliyekukosea ndani yake. Kinyongo ni uchungu uliolala ndani muda mrefu. Aibu ni macho ya watu. Simanzi ni ile inayokutuliza kimya tu, haina ugomvi na mtu. Jaribu moja moja kama unavyojaribu funguo kwenye kufuli, sema kwa sauti, ninaona ukiwa, ninaona aibu, na lile lenyewe ukilitaja mwili utakwambia, machozi yanakuja au bega linashuka.

Mwaka 2007 mtafiti mmoja wa Marekani, Matthew Lieberman, na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au woga huku wanawapiga picha za ubongo, wakaona mtu akitaja hisia anayoiona kwa jina, ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora inatulia. Kwaiyo kutaja sio maneno matupu.

Mi jina la kwanza lilikua huzuni. La pili hasira. La tatu, na hili lilichukua siku kadhaa, lilikua aibu. Nikashangaa, aibu ya nini tena, mtu amefiwa na mama yake anaona aibu?

Hatua ya tatu: andika, na uandike kwa lugha unayolilia

Hii ndo iliyonifungua kwaiyo ntakaa hapa kidogo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walitoa utafiti, waliwachukua wanafunzi wa chuo wakawaambia waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika vitu vya kawaida, wengine waliandika jambo zito lililowahi kuwaumiza, tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia. Hao wa mwisho walivyomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi kwa muda ule, ila miezi iliyofata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wengine. Nakwambia mapema ili siku ya kwanza ukijisikia umechafuka usiseme hii kitu haifai.

Chukua daftari, andika bila kusimama, usijali herufi kubwa wala nukta, hakuna anaekusahihishia. Kama hujui kuandika vizuri au hutaki karatasi ionekane, jirekodi sauti kwenye simu, sikiliza mara moja, futa. Ukimaliza siku nne choma hizo karatasi ukipenda.

Siku ya kwanza na ya pili niliandika Kiswahili safi, kikatoka kama risala ya msibani, mama yetu mpendwa alikua mcha Mungu mwenye upendo, kweli alikua hivyo lakini nlikua nawaandikia watu. Siku ya tatu mkono wenyewe ukaingia Kimakonde. Mama hajawahi kunigombeza kwa Kiswahili hata siku moja, kwaiyo sijui kwanini nlitegemea kumlilia kwa Kiswahili. We kama ni Mmwera, Myao, Mmakua, andika kwa hiyohiyo, changanya, hata sentensi ikikatika.

Na hapo ikatoka sentensi ambayo sikutaka hata Mungu aione. Miezi yote nlikua nawaambia ndugu sikwenda kumuona mama kwa sababu nlikua sina nauli. Sasa nauli nlikua nayo. Hela ya basi kwenda na kurudi ilikua kwenye droo ya kibanda. Nlichokua sina ni hela ya kuonekana nayo. Sikutaka kushuka stendi Newala mikono mitupu, bila doti ya khanga, bila sukari, bila kitu cha kumpa mama mkubwa, watu waseme huyo ndo kijana wa mjini. Mama alikua ananitaka mimi, mi nikawa nasubiri niwe na sura ya kumletea.

Ndo maana neno lini lilinichoma siku ile. Yule bibi hakua na kosa lolote.

Kwaiyo katika kuandika kwako unatafuta hiyo sentensi. Utaitambua kwa sababu utataka kuifuta, au utaanza kuandika haraka ili uipite. Rudi hapo. Inaweza kua nlimpenda lakini alinichosha kumuuguza na siku alipofariki nlipumua. Inaweza kua siumii kwa sababu ameniacha, naumia kwa sababu ameoa mtu ambae watu wanamsifu. Inaweza kua nimemkasirikia marehemu. Hizo sentensi haziwi nzuri, na mtu anaezikuta ndani yake hajawa mtu mbaya, alikua nazo tangu zamani na zilikua zinamtafuna gizani.

Hatua ya nne: jua wakati wa kusimama

Kuna kujichunguza na kuna kujitafuna. Tofauti yake ni ndogo ila utaiona. Ukijichunguza kila baada ya muda linatoka jambo jipya. Ukijitafuna ni sentensi ileile inazunguka, kwanini mimi, kwanini mimi, kwanini sikuenda. Swali la kwanini ndo linazungusha zaidi. Badilisha, uliza nini hasa kilitokea, nliogopa nini, leo ninahitaji nini. Na jiite kwa jina lako kama shangazi yako anavyokuita, fulani, ulikua unaogopa nini siku ile? Inasaidia sana kwa sababu mtu mwingine tunamhurumia haraka kuliko sisi wenyewe.

Sentensi ikirudi mara ya tatu haijaleta kitu, nyanyuka. Fagia, chota maji, tembea mpaka barabarani. Kesho utarudi.

Hatua ya tano: gawa mzigo, chako na kisicho chako

Chora mstari katikati ya karatasi. Mi upande mmoja niliandika, presha ya mama ilikua ya miaka mingi na alikua anaacha dawa akijisikia nafuu, hilo sio langu, hata ningekuepo angeweza kuanguka. Upande wa pili niliandika, aliniita wiki nyingi nikaacha kwenda kwa ajili ya aibu, hilo ni langu. Watu wema watataka kukufutia upande wa pili, usijilaumu, usijilaumu. Waitikie vizuri lakini usifute. Majuto ya kweli yakikaa kwenye saizi yake yanabebeka, ila ukiyakataa yanavimba mpaka yanakula na upande usio wako, unaanza kuamini wewe ndo ulimuua.

Kuhusu dini, mi ni muumini na kazi ya Mungu ni kazi ya Mungu. Ila nlikua nalitumia neno hilo kufunga mlango kabla sijaangalia ndani kuna nini. Mtume wetu alilia alipofiwa na mwanae Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Na Wakristo wanajua Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro. Kwaiyo mwanaume anaesema subira ni kukausha macho sijui ameitoa wapi. Na mama aliyefiwa na mume, zile siku za eda, miezi 4 na siku 10, tayari umetengewa muda, usikubali kila saa mtu aje kukuchangamsha, unaruhusiwa kua na huzuni humo ndani.

Kitu kingine, usijipime na zile hatua tano watu wanazosambaza, kukataa, hasira na kadhalika. Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 akiwa ameongea na wagonjwa wanaokaribia kufa, hakua anawapangia wafiwa ratiba. Ukiruka moja hujakosea.

Hatua ya sita: mwambie mtu mmoja

Mmoja. Kua mkweli sio kumwaga kila kitu stetasi, kesho utajuta na siri itakua ya mtaa. Chagua mtu ambae hujawahi kusikia siri ya mwingine ikitoka mdomoni mwake, hicho ndo kipimo changu cha kwanza. Anaweza kua bibi, shangazi, somo yako aliyekufunda. Mtani pia anafaa, yeye ana ruhusa ya kukwambia ukweli usoni na usiudhike.

Kule Zimbabwe mwaka 2006 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye kuwaza sana, Washona wana neno lake kabisa, kufungisisa. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida tu. Bibi na benchi. Sisi huku mabibi tunao na mabaraza tunayo, kinachokosekana ni mtu kuanza kusema.

Namna ya kuanza, mwambie mapema unataka nini, maana watu wetu wana haraka ya kushauri. Mi nilienda kwa mjomba, kaka yake mama, kwetu mjomba ndo mwenye neno. Nikamkuta anamenya muhogo.

Mjomba shikamoo.

Marahaba, mjomba. Za Mtwara?

Nzuri. Mjomba nina neno, ila naomba unisikilize tu, ushauri utanipa siku nyingine.

Nikamwambia habari ya nauli kwenye droo. Nlitegemea atanigombeza au ataniambia mama yako alikusamehe, yote mawili hakusema. Alinyamaza mpaka muhogo ukaisha, afu akasema Ijumaa ile na yeye aliitwa na dada yake, akasema atapita Jumapili. Tukakaa. Sikujisikia nimepona, nlijisikia tuko wawili.

Hatua ya saba: lifanye lile jambo lenyewe

Ukishajua, kuna kitu kidogo kinadai kufanyika, na mara nyingi ni kilekile ulichokua unakikwepa. Mi nilienda Newala mwezi wa sita, wakati watu wanapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, biashara imelala, mfukoni nina nauli tu. Nilishuka stendi mikono mitupu makusudi. Mama mkubwa alinipokea akaniuliza mbona umekonda, akasonga ugali wa muhogo na kisamvu, hakuna aliyeangalia mikono yangu. Jioni nikaenda kaburini nikang'oa majani.

Yule bibi wa kitochi nlimtafuta sokoni mpaka nikampata, nikamuomba radhi, nikamtengenezea bure. Na siku hizi mteja akiniuliza lini namtajia siku, na kama sijui namwambia sijui.

Kwenye kujibu habari pia kuna namna bila kuvunja adabu. Salamu yetu inataka nzuri kwanza, basi sema nzuri, afu ongeza, ila siku hizi silali vizuri, ila nina mzigo kidogo. Anaetaka kujua atavuta kiti. Asiyetaka ataendelea na safari yake na we hujadanganya.

Itarudi, jiandae

Sikwambii inaisha. Mwezi wa kumi mabibo yakianza kunuka barabarani mi koo linabana tena, kila mwaka, hata kama asubuhi niliamka vizuri. Zamani nlikua naongeza sauti ya redio. Sasa hivi najua ni nini, naitaja jina, naenda Shangani dakika zangu 20. Na kabla ya mnada wa kwanza nafunga kibanda siku mbili, naandika kwenye kadi ya boksi fundi amesafiri, napanda basi la asubuhi kwenda Newala kwa mama mkubwa, nikiwa na sukari napeleka sukari, nisipokua nayo naenda hivyohivyo.